Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji: Turuhusuni tujenge mchana

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Kawempe. Mimi ni fundi mwashi, mwaka wa ishirini na mbili sasa kazini, na nusu ya nyumba nilizojenga hapa Kampala nilizijenga usiku.

Utaratibu wetu ni huu. Ijumaa jioni, ofisi zikishafungwa, lori la kokoto linaingia kinyumenyume kwenye uchochoro. Kiwanja kinazungushwa mabati makuukuu na vibarua wanaanza. Jumatatu mkaguzi akipita, kuta zimeshafika kwenye linta na kuna mama ndani amelala na mtoto, maana nyumba yenye mtu haivunjwi kirahisi. Akichelewa, anakuta na bati lipo juu. Akiwahi, anatuachia X nyekundu ukutani nasi tunangoja Ijumaa nyingine.

Zege la usiku, mheshimiwa, si zege. Unachanganya kwa tochi ya simu, saruji unaipima kwa macho, maji yanaongezwa ili koleo lisilemee. Kisha halimwagiliwi siku saba inavyotakiwa, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana pale na ndoo. Nimeyafanya hayo kwa mikono yangu na sijivuni. Ila nataka ujue kwa nini watu wenye akili zao timamu wanajenga hivi. Umaskini ni sehemu tu ya jibu.

Miaka michache iliyopita mama mmoja muuza chapati wa Kyebando alinifuata akitaka tujenge kwa halali. Alikuwa na kibanja cha futi 25 kwa 50 na akiba ya vyumba vitatu: kimoja akae, viwili apangishe. Tulikwenda ofisini pamoja, yeye kavaa gomesi kama anakwenda harusini. Ofisi siitaji. Tuliulizwa hati ya kiwanja, ramani yenye muhuri wa msanifu majengo, na mahali pa kuegesha gari. Gari! Wateja wake wote huja kwa miguu, wenye nazo kidogo huja kwa boda. Kisha tukaambiwa nafasi za kuacha mbele, nyuma na pembeni. Nilipozichora kwenye karatasi, ukabaki ukanda wenye upana wa futi kumi na mbili.

Tulitoka kimya. Kwenye kituo cha teksi akaniuliza, "Fundi, Ijumaa una nafasi?"

Kipimo kilichotawala mji huu ni "hamsini kwa mia". Dalali yeyote atakutajia ploti kwa lugha hiyo: futi 50 kwa 100, yaani kama mita za mraba 465. Ni kiwanja cha mtu mwenye bustani na gari. Cha mama wa chapati ni robo yake. Lakini robo hizo ndizo zimejaa Bwaise, Katwe, Kisenyi na Namuwongo, na ndiko wanakolala watu wanaoupikia mji, wanaoufagia na wanaoulinda usiku. Asiyepata robo ndani ya Kampala huhamia Wakiso. Hesabu ya watu ya 2014 ilikuta Wakiso ina watu kama milioni 2. Ile ya 2024 ikakuta zaidi ya milioni 3.4, wakati Kampala yenyewe ina kama milioni 1.8. Barabara za Kyengera na Nansana saa kumi na mbili asubuhi zitakueleza hizo namba maana yake. Wengine hawaendi hata huko, wanateremka kwenye majimaji ya Lubigi, wanamwaga udongo juu ya mafunjo, mpaka siku tingatinga za mamlaka ya mazingira zifike kama zilivyofika 2024.

Nirudi kwenye hati. Wewe unaijua ardhi ya mailo kuliko mimi: Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa maili za mraba kwa wakubwa, na waliokuwa wakilima juu yake wakabaki na vibanja, yaani haki ya kukaa tu, wakilipa busuulu, kodi ya mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mkaaji wa namna hiyo na kumruhusu aombe hati ya ukaaji. Katika miaka yangu yote sijafanya kazi kwa mteja hata mmoja mwenye hati hiyo. Wana barua ya mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), makubaliano ya kununua yaliyosainiwa mbele ya majirani, na risiti za busuulu kama zipo. Kwa hiyo sheria moja inamwambia mtu ni mkaaji halali, na dirisha la kibali linamwambia hana kitu.

Najua utasema kanuni za majengo haziko kwako. Kweli, Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 iko chini ya mwenzako wa Ujenzi na Uchukuzi, wewe una mipango ya miji. Sisi tunaona mlango mmoja tu, nao umefungwa. Ninyi mnaokutana kwenye baraza moja mnaweza kuzungumza. Tangu sheria ya 2010 ilipoifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, hata Jinja, Mbale, Arua na miji mingine iliyopandishwa kuwa majiji Julai 2020 inarithi kipimo kilekile. Wao bado wana nafasi ya kuepuka makosa yetu.

Ninachokuomba si kulegeza usalama. Kwenye msingi, nondo, umeme, moto na bonde la mafuriko, kazeni zaidi. Kama ningekuwa mkaguzi ningekuwa mkali mno. Ninachoomba ni kutenganisha kinachookoa maisha na kinachopendeza macho. Ukuta wa pamoja kati ya nyumba mbili, ukijengwa vizuri, haujaua mtu. Maegesho ya gari kwa nyumba ya wapangaji wasio na magari yanaongeza kodi tu. Kiwanja kidogo chenye njia ya kupita gari la kunyonya choo ni bora kuliko kiwanja kikubwa ambacho shimo lake limejaa na halifikiki. Andikeni daraja la nyumba ndogo lenye masharti yake mwenyewe, na kwenye masharti hayo choo kije kwanza.

Halafu ramani. Muhuri wa msanifu, ukiongeza ada na safari za kwenda na kurudi, unaweza kumeza bei ya chumba kizima. Kwa nini ofisi ya divisheni isiwe na ramani tano sita zilizokwisha kupitishwa, za mizigo miwili, za minne, za yenye ghorofa moja, mtu akachagua, akalipa kidogo, akaanza kesho yake? Wasanifu wetu wachore mara moja, walipwe vizuri mara moja. (Muzigo hapa mjini ni chumba kimoja cha kupanga. Wenzangu wa pwani hucheka nikiwaambia watu wanaishi ndani ya mzigo. Nami hucheka, ila si sana.)

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watu wetu hawajengi nyumba. Wanajenga chumba, kisha wanapumzika miaka mitatu, kisha kingine. Kibali kina muda wake na pesa yetu haina ratiba. Ningependa kibali cha hatua: mkaguzi aje aone msingi wenye uwezo wa kubeba ghorofa moja, asaini, mama ahamie chumba cha chini kikiwa na bati, choo na dirisha, akipata pesa ya ngazi na sakafu ya juu, mkaguzi arudi asaini tena. Leo msingi wa muzigo unachimbwa kwa kina cha goti kwa kuwa hakuna aliyeota kupanda juu, na ndiyo maana mji unatambaa kuelekea Wakiso badala ya kuinuka. Wakati mwingine mteja akishashiba faida anapandisha ghorofa juu ya msingi huohuo wa goti. Hapo huwa nakataa kazi. Hupatikana mwingine wa kuichukua.

Kuna watakaoogopa kwamba mkihalalisha vyumba vidogo mtahalalisha mabanda. Mabanda yapo tayari, mheshimiwa, na hayajaomba ruhusa. Rwanda iliandika viwango vya rukarakara, tofali la udongo lisilochomwa, na kuliruhusu katika maeneo ya miji kwa masharti, na Kigali haijageuka matope. Kwetu wenyewe, pale Masese, Jinja, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wakisaidiwa na Denmark walitengeneza vifaa vya ujenzi na kujijengea nyumba. Kinyume chake tumekiona Nakawa na Naguru: mwaka 2011 familia 1,747 ziliondolewa kwenye nyumba za wafanyakazi za enzi ya mkoloni kwa ahadi ya mji wa kisasa. Wengi wao nadhani leo wako kwenye mizigo ambayo mtu kama mimi aliijenga usiku.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu baraza lenu la mawaziri liliikubali iwe lugha rasmi Julai 2022, na kwa sababu kwenye saiti ndiyo lugha inayotuunganisha: kibarua wa Arua, wa Kasese, na mimi niliyezaliwa Busia karibu na mpaka. Ukipenda, fika usiku wowote wa Ijumaa. Usije na msafara, mabati yatafungwa. Njoo na mtu mmoja na viatu vya matope.

Mama wa chapati tulimjengea. Vyumba vyake vitatu vimesimama, kimoja kina ufa kwenye kona ya kushoto ambao ninaujua sababu yake: ni zege la saa tisa usiku, mvua ikiwa imeanza. Kila nikipita Kyebando naupima kwa kidole. Mwezi uliopita kidole kiliingia hadi kwenye ukucha. Nimemwambia tuvunje kona ile tuiweke upya, mchana, na mkaguzi awepo. Ameniuliza mkaguzi gani atakayekuja kuikagua nyumba isiyokuwepo kwenye daftari lake, na hilo ndilo swali ninalokuletea.

Wako mtiifu,
Fundi mwashi, Kawempe