Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vifungu Vigumu Katika Mikataba ya Majarida ya Kielektroniki

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kazi kubwa ya chama chetu hapa Tabora imekuwa kusoma rasimu za mikataba kabla maktaba hazijasaini. Bei tunaijadili vizuri. Vifungu vinavyoifuata vinapita bila kuguswa.

Kinachoumiza zaidi ni kifungu cha kodi. Wauzaji wa nje hupenda kuandika kwamba ankara italipwa "bila makato yoyote", wakati sheria yetu inatutaka tuzuie asilimia 15 ya mrabaha (malipo ya kutumia kazi yenye hakimiliki) au ada ya huduma inayokwenda kwa asiye mkazi. Ukisaini hivyo, kodi inakuwa mzigo wako: ili muuzaji apokee dola 10,000 kamili, wewe utatoa takriban dola 11,765. Andikeni kwamba bei inajumuisha kodi ya zuio na kwamba muuzaji atapewa cheti cha kodi hiyo. Mhasibu aione rasimu, asisubiri ankara.

Kwenye kifungu cha fidia, yaani ahadi ya kumlipa muuzaji hasara, msikubali kubeba makosa ya kila msomaji. Ahidini mnachoweza kutekeleza: kuwajulisha wasomaji masharti, kumfungia aliyekiuka na kushirikiana katika uchunguzi. Futeni pia haki ya kukata huduma papo hapo. Chuo kinachoingia intaneti kwa anwani moja ya IP (namba inayoutambulisha mtandao) huzimwa chote kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyepakua kupita kiasi, na hilo likitokea wakati wa mitihani ni dhuluma kwa wengine wote. Ombeni siku 30 za kurekebisha.

Muuzaji akikataa mkataba uongozwe na sheria ya Tanzania, ombeni kifungu cha sheria na mahakama kiondolewe kabisa. Mkataba unaonyamaza ni nafuu kuliko kesi ya kusikilizwa London.

Mkataba unaojihuisha wenyewe una mtego wa tarehe. Usajili ukiisha 31 Desemba na notisi ya kusitisha ikiwa siku 90, uamuzi unatakiwa uwe umefika kwa muuzaji kufikia 2 Oktoba. Baada ya hapo hamna cha kujadili, na ongezeko la bei mtalimeza.

Kifungu cha usiri wa bei tukikatae sote. Kinatuzuia kulinganisha ankara, na bila kulinganisha kila maktaba inajadiliana gizani.

Rasimu za mwakani zimfikie katibu kabla ya mwisho wa Agosti, katika faili linaloharirika, pamoja na viambatisho. Chapisheni pia kwenye karatasi masharti ya kwenye tovuti ambayo mkataba unayataja, kwa kuwa muuzaji anaweza kuyabadilisha baada ya ninyi kusaini.

Mwenyekiti