Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Sheha wetu, wajumbe wa kamati ya skuli, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, Assalaamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuja mwenyewe bila ya kutuma mwakilishi.

Klabu yetu ilianza na wanafunzi wachache chini ya mwembe wa skuli, na leo ni ya kupigiwa mfano wilaya nzima. Tumeotesha miche, tumepanda mikoko, na tumejaza daftari zima la nyendo za kima punju, yaani kima wekundu. Mengine tunayaruka, maana lililotuleta mbele yako ni moja: ombi la matuta kwenye barabara inayopita mbele ya skuli yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kima punju asili yake ni Unguja tu. Hesabu iliyotangazwa 2017 ilionesha wako zaidi ya 5,800. Msitu wa Jozani ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, lakini kima wengi wamo pia vichakani na mashambani mwetu, kwa sababu wanafuata majani machanga. Tumbo lao limeumbwa kuchachusha majani na matunda mabichi. Majani ya msituni yakishakomaa, kundi huhamia kwenye vichaka vya maweni, mikokoni, au kwenye miti yetu ya mikungu na miembe. Majani ya mikungu yana lishe lakini yana vitu vinavyolisumbua tumbo, basi kima huenda kwenye matanuri ya makaa yaliyozimwa akatafuna makaa ili kulituliza. Hana kidole gumba. Hukibana kipande kwa vidole vinne na kiganja, na mtoto hujifunza kwa kumtazama mama yake.

Safari zote hizo zinakatwa na barabara ya lami. Matawi yakikutana juu, kima huruka. Mbele ya skuli yetu miti ilikatwa, kwa hiyo hushuka chini. Wakubwa huvuka mbio. Mwenye mtoto kifuani hubaki ukingoni, kisha hutoka ghafla, na dereva wa mwendo kasi hawahi kusimama. Tumeshawazika kadhaa. Na wanafunzi wa darasa la kwanza wanavuka hapo hapo.

Kule Jozani matuta yalipowekwa, vifo vya kima vilipungua sana. Hapa hakuna hata tuta moja. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi mbele ya wazee hawa hawa, tukapiga makofi. Wa mwaka jana aliahidi kulifuatilia, tukapiga makofi tena. Barua tumepeleka, na nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa tunazo. Hatusemi haya kwa kumvunjia mtu heshima, ila watoto waliopiga makofi wanatuuliza, na sisi hatuna la kuwajibu.

Miche ya mikungu tumeshaipanda pande zote mbili ili siku moja matawi yakutane. Hiyo ni kazi ya miaka. Tuta ni kazi ya siku chache.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba matuta mawili na vibao vya tahadhari. Tunaomba pia, kabla ya chakula, tufuatane hadi ukingoni ukapaone, kisha ututajie mbele ya hadhara hii afisa atakayeshughulikia na tarehe ya kuanza. Katibu wetu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.