Kabla hujang'oa kabureta ya gari lako la zamani

"Fundi, nitoe kabureta nifunge EFI?" Yaani aondoe kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, afunge mfumo wa kunyunyizia mafuta unaoongozwa na kompyuta. Swali hili tunalisikia karibu kila anapokuja mwenye Land Rover ya zamani au Peugeot 504 hapa karakanani kwetu Tanga. Huja na malalamiko yaleyale: asubuhi gari haliwaki, linakula mafuta, likisimama kwenye mataa linazima. Tunachomwambia kwanza ni asinunue kitu bado.

Chukua Land Rover Series III ya petroli, zile zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Kabureta yake ya Zenith ina ugonjwa unaojulikana: pale vipande viwili vinapokutana, chuma hupinda, na kimpira cha duara kilichomo ndani huchakaa. Mafuta yanavuja humohumo ndani, nje huoni hata tone, ila moshi ni mweusi na injini haitulii. Tunausawazisha uso ule kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, tunabadilisha kimpira, gari linarudi kwenye hali yake. Wengine tunawakuta kabureta haina kosa lolote. Pointi za distributa, zile zinazokata na kuunga umeme wa kuwasha plagi, ndizo zimeungua. Huyo angefunga EFI angetibu kisichoumwa.

Lakini kuna mahali kabureta inashindwa kweli, na watu wa mkoa huu mnapajua: kupanda Lushoto. Kabureta haina akili ya kupima hewa. Hewa inapita kwenye koo lake jembamba, inavuta mafuta kupitia tundu la jeti, na tundu hilo halibadiliki. Ukiirekebisha hapa pwani, ukafika Lushoto kwenye mita kama 1,400, hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 13. Mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi, nguvu inakatika ukiwa katikati ya kona. EFI ina sensa na kompyuta, inapunguza mafuta yenyewe kadiri unavyopanda. Kama wewe ni mtu wa Mombo na Lushoto kila wiki, hapo tutakuunga mkono bila kusita.

Ila ujue unachokinunua. Pampu ya zamani inasukuma mafuta kwa presha ya chini ya nusu bar. Mifumo mingi ya EFI inayokaa mahali pa kabureta inataka bar 3 hadi 4. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta haivumilii presha hiyo. Ikipasuka juu ya injini ya moto, gari linaungua, kwa hiyo hatufungi EFI kwa mteja anayetaka kubakiza mipira yake. Tenki nalo lazima lishushwe lisafishwe. Unyevu na chumvi ya bahari hapa kwetu vinalila bati, na kutu ambayo kabureta ingeimeza kwa shida itaziba nozeli za kunyunyizia mafuta mara moja. Gari lenye dainamo litahitaji altaneta kwanza, maana pampu na kompyuta vinataka umeme usioyumba.

Na kompyuta ikifa njia ya Handeni, huna la kufanya zaidi ya kutafuta gari la kukuvuta. Kabureta ikiziba, bisibisi na pumzi yako vinaweza kukufikisha nyumbani. Kwa gari linalotoka Jumapili kwenda Raskazone na kurudi, sisi tungeiacha kabureta, tungeisafisha vizuri na kuweka filta mpya. Ukiamua EFI, usiuze kabureta yako. Ipake mafuta, ifunge kwenye mfuko, itunze. Atakayelinunua gari hilo kwa kulipenda ataiulizia.

Ukituletea gari, lilete jioni ulilaze hapa. Tunataka kuliwasha wenyewe asubuhi likiwa baridi, ndipo linaposema kinacholiumiza. Na utuambie bila kuficha linatembea mara ngapi kwa mwezi, na wapi.