Kabla ya kwenda studio, angalieni nguo kwanza

Mhariri, naomba kanafasi niongee na wenzangu wanaopeleka familia kupiga picha studio. Sisi juzi mama kavaa gauni la satini, flashi ikapiga kifuani pakawa peupe pee, na shati langu la mistari myembamba likatoka kama mawimbi, roho iliniuma maana mama ana miaka 78 na picha zake chache mno. Jamani ulizeni pazia la nyuma rangi gani, ukivaa nyeupe kwenye jeupe mabega yanapotea. Kitenge cha maua makubwa avae mmoja, wengine rangi moja iliyotulia. Tuliporudi studio kupiga tena, mama akajifunga kanga zake za kila siku, akatabasamu mwenyewe bila kuambiwa.

Msomaji wenu, Temeke, Dar es Salaam