Magome sitayatuma, njoo uyachukue

Mwanangu,

Sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara tatu. Unasema mwalimu wako wa famasia anataka magome ya miti yetu ya dawa, ormukutan na olkiloriti, niyatume kwa basi. Sitayatuma. Njoo uyachukue mwenyewe, na ukija, ukae.

Wewe unajua kwamba kwetu Wamaasai mti na dawa ni neno moja, olchani. Ormukutan hufukuza minyoo, na hata jina lake la vitabuni, Albizia anthelmintica, linasema hivyohivyo. Hapo huna haja yangu. Ninachotaka ukione ni orpul, kambi yetu ya msituni ya kula nyama na kunywa dawa.

Mvua ziliporudi baada ya ukame wa 1984, mimi murrani, kijana shujaa, nilikuwa mbavu tupu. Wenzangu walinipandisha msituni, Mlima Longido, mbali na boma. Maksai alizibwa pumzi, damu tukainywa ingali ya moto kutoka kwenye mfuko wa ngozi ya shingo. Tulilala juu ya majani ya leleshwa, na harufu yake mpaka leo hunipa usingizi. Asubuhi supu ya olkiloriti, nyekundu, chungu, inayokausha ulimi. Bila hiyo tumbo lisingestahimili nyama nyingi kiasi kile. Mchana hakuna wa kukutuma. Usiku nyimbo. Niliposhuka, mama yangu alinitazama kwanza kama mgeni.

Sasa niambie, kilichonirudishia mwili ni kipi? Mwalimu wako akisaga gome atapata kilichomo ndani ya gome. Nyama, usingizi na wale vijana waliokataa kula kabla yangu, atavipima na nini?

Usidhani nakukataza hospitali. Ulipopata degedege ukiwa na miaka minne sikutafuta mti. Nilikubeba mgongoni usiku kucha hadi zahanati, na sindano ile naishukuru mpaka kesho.

Lakini fanya haraka. Juzi nimekuta ormukutan karibu na korongo umebanduliwa gome kuzunguka shina lote, na mti wa hivyo hauponi. Ni wauzaji wa mjini. Babu yako alinifundisha kubandua upande mmoja tu, kidogo, kisha kuuacha mti upumzike. Nataka mkono wako ujifunze hilo kabla ya kushika mizani ya maabara.

Maksai mwekundu nimeshamtenga. Nijulishe siku mtakayofunga chuo.

Baba yako