Pipi za Jumamosi

Tampere, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salaamu nyingi sana. Natumai hujambo, na mama hajambo, na ule mgongo wake umepoa. Sisi tu wazima, alhamdulillah. Kurwa na Doto wanazidi kurefuka, suruali nilizowanunulia kabla ya theluji zimeshaanza kuwavuka vifundo vya miguu.

Nakuandikia kirefu kwa sababu yale uliyosema kwenye simu hayajanitoka. Doto alikwambia huwa hali pipi mpaka Jumamosi, nawe ukanijia juu: nawatesa watoto, Ulaya imejaa pipi na wao wanapimiwa kama dawa. Najua ulisema kwa mapenzi, wewe ni mama yao mdogo. Ndiyo maana nataka ulijue jambo hili lote. Nalipenda, na ningefurahi na wewe ulipende.

Huku Ufini kuna siku ya pipi, wanaiita karkkipäivä, nayo ni Jumamosi. Serikali haikuipangia sheria. Ni desturi ya majumbani, na watoto wa chekechea wanaijua kabla hawajazijua siku nyingine za juma. Ijumaa jioni wangu hawalali vizuri. Asubuhi tunakwenda dukani wote watatu. Kuna ukuta mzima wa visanduku vya plastiki vyenye mifuniko, kila kimoja na kijiko chake, na mifuko ya karatasi imetundikwa pembeni. Bei ni moja kwa kilo, uchukue hiki au kile. Doto huchukua ndogondogo ili ziwe nyingi. Kurwa husimama, anafungua mfuniko, anafunga, anarudi nyuma, anatazama ukuta wote upya, na mwisho anatoka na pipi chache kubwa alizozichagua kwa moyo wake. Mimi simharakishi. Juma zima hakuna mtu anayemwachia aamue jambo lolote peke yake, isipokuwa hapo.

Nami nina kazi yangu palepale, kusoma viambato. Pipi nyingi laini zina gelatini ya nguruwe, na mama wa Kiislamu huku hujifunza neno hilo mapema sana, liivate. Likorisi nyingi hazina, zinapikwa kwa unga wa ngano na sukari ya kahawia iliyokolea, basi wanangu wamekuwa watu wa likorisi. Na salmiakki! Hiyo ni pipi nyeusi yenye kloridi ya amonia, ina chumvi kali inayopanda puani, utadhani sukari guru imepikwa na magadi. Wageni wengi huitema. Kurwa anaipenda kuliko chokoleti, na mabibi dukani wakimwona anaichota hutabasamu na kumsemesha, wao ambao kwa kawaida hawamsemeshi mtu.

Sasa desturi hii ilianzaje? Ilianzia kwa jirani zao, Uswidi, na sehemu hii inauma. Mjini Lund kulikuwa na hospitali iitwayo Vipeholm, walikokaa watu wenye ulemavu wa akili. Kuanzia 1945 watafiti walikwenda huko kuchunguza kinachoozesha meno. Baadhi ya wagonjwa walipewa tofi zilizotengenezwa makusudi zigande menoni, nyingi kila siku, kati ya mlo na mlo, mpaka meno yakaharibika. Hakuna aliyewaomba ridhaa, na kampuni za sukari na za pipi zilichangia fedha. Matokeo yalichapishwa 1954: kinachoharibu zaidi ni sukari kupita mdomoni mara kwa mara, kuliko wingi wake inapoliwa kwa mara moja. Hapo ndipo wazazi wa Uswidi wakashauriwa wawape watoto pipi wanazotaka, ila mara moja kwa wiki. Nilipoisoma habari hii nilikaa kimya kwa muda mrefu. Nimeshaamua kwamba wakikua kidogo nitawasimulia Kurwa na Doto, wawajue watu wale ambao meno yao ndiyo yaliyolipa.

Wafini wakaichukua desturi, na wakaongeza la kwao. Huko Turku, kuanzia 1972 hadi 1975, Arje Scheinin na Kauko Mäkinen wa chuo kikuu cha huko waliwalisha watu waliojitolea sukari za aina mbalimbali. Kundi lililokula ksilitoli, utamu ambao Wafini waliutoa kwenye mti wao wenye gome jeupe, halikupata karibu tundu lolote jipya. Mwaka 1975 bazoka za ksilitoli zikaanza kuuzwa. Mpaka leo chekechea nyingi huwapa watoto kidonge cha ksilitoli baada ya chakula. Nawaona kila siku kazini, wamekaa mstari, mkono umekunjuliwa, mwalimu anapita na kikopo. Na daktari wa meno wa serikali hatozi chochote mtoto akiwa chini ya miaka 18. Kwa hiyo, shoga yangu, si ubahili wangu. Nchi nzima imeshika uzi mmoja.

Lakini meno ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni jioni yenyewe.

Ghorofani kwetu anakaa bibi mmoja, watoto wanamwita mummo, yaani bibi. Amenisimulia Jumamosi za utoto wake: kwanza sauna, kile chumba cha kuogea mvuke wa moto, kisha nywele zingali mbichi watoto wanapewa chupa ya soda na kifuko kidogo cha pipi, halafu familia yote inakaa mbele ya televisheni. Chaneli zilikuwa mbili tu, ya tatu ilikuja 1986, hivyo aliyecheka Tampere na aliyecheka Lapland walikuwa wamecheka jambo lilelile. Unakumbuka enzi za Ze Comedy, tulivyobanana sebuleni kwa jirani, kesho yake mtaa mzima unaongea kama Joti na Masanja? Ndivyo ilivyokuwa kwao na Spede Pasanen. Huyo ndiye baba wa komedi ya televisheni huku. Kwenye vichekesho vyake vifupi alizaliwa Uuno Turhapuro, aliyeigizwa na Vesa-Matti Loiri: mvivu, mlafi, fulana ya nyavu imetoboka, mapengo meusi mdomoni. Mwaka 1973 wakamtengenezea filamu, zikafuata nyingine nyingi. Mummo anasema mama yake alikuwa akimwonyesha Uuno kwenye kioo: unayaona yale meno? Basi mswaki unapigwa bila kubishana.

Hapa Tampere wao wana fahari yao, Kummeli. Ni kundi na kipindi cha vichekesho kilichoanza 1991 kwenye chaneli ya pili ya Yle, shirika la utangazaji la taifa, na makao ya chaneli hiyo yalikuwa hapahapa mjini, mtaa wa Tohloppi. Akina Heikki Silvennoinen, ambaye pia alikuwa mpiga gitaa hodari, na Timo Kahilainen na Heikki Hela. Nimeangalia vipande vyao vingi na mwenye nyumba wangu wa kwanza, mzee asiyesema maneno kumi kwa siku. Walivyochekesha ni kwa kuwatazama wanaume wa aina yake: wamesimama, wamevaa vibaya, hawana cha kusema, kisha mmoja anatoa sentensi moja kwa uso mkavu na mwenzake anaikubali kana kwamba ni hekima. Yule mzee alikuwa akicheka mpaka machozi. Nilipomwona anacheka ndipo nilipoacha kumwogopa. Msemo wao mmoja, artisti maksaa, msanii ndiye anayelipa, unausikia mpaka leo kazini kila gharama inapomwangukia mtu ambaye hana pa kuitupa.

Nimejifunza Kifini kwa vichekesho kuliko darasani. Darasani walinifundisha kuagiza kahawa. Kwenye komedi nilisikia jinsi watu wanavyokwepa swali, jinsi mke anavyonuna bila kununa, jinsi karani anavyokukatalia kwa upole mpaka umshukuru. Ndiyo lugha niliyoihitaji.

Sitakuficha na upande mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mchekeshaji mkubwa, Pirkka-Pekka Petelius, pamoja na mwenzake Aake Kalliala, waliigiza Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali, kama walevi wachafu wanaoimba maneno yasiyo na maana, wamevaa mfano wa mavazi yao ya heshima. Nchi ilicheka. Watoto wa Kisami walikwenda shule na kuimbiwa maneno yaleyale. Mwaka 2019 Petelius aliomba msamaha hadharani. Mimi mama wa watoto wawili weusi katika nchi hii niliisoma habari ile zaidi ya mara moja. Msamaha ulichelewa, na mtoto aliyezomewa wakati ule sasa ni mtu mzima. Hata hivyo nauheshimu, kwa sababu angeweza kusema zama zilikuwa hivyo akanyamaza. Tangu hapo, kila tunapoangalia kitu kipya, nawauliza wanangu: huyu anachekwa kwa alilofanya, au kwa alivyo? Kurwa hujibu haraka. Doto hufikiri, na mara nyingine hunionyesha jambo ambalo mimi sikuliona.

Miaka hii ya karibuni kipindi cha Jumamosi kimekuwa Putous, cha chaneli ya MTV3, kilichoanza 2010. Waigizaji kila mmoja anabuni mhusika wake, anamleta wiki baada ya wiki moja kwa moja hewani, na watazamaji wanampigia kura anayewafurahisha zaidi. Kila mhusika ana msemo wake, na Jumatatu uwanja wa shule umejaa misemo hiyo. Mtoto asiyeijua anabaki nje ya mchezo. Nimeliona hili kwa macho yangu. Kabla hatujaanza kukitazama, Doto alikuwa akisimama kando ya uzio wakati wa mapumziko. Jumatatu moja alisema sentensi ya mhusika fulani, kwa sauti ileile na shingo ileile imepinda, na watoto wanne wakamkimbilia wakitaka arudie. Siku ile alinisimulia njia nzima kutoka shuleni, ananivuta mkono nisikilize.

Kwa hiyo Jumamosi yetu iko hivi. Zamu yetu ya sauna ya jengo ni saa kumi na moja jioni. Tukitoka tunakula wali, kisha mifuko inafunguliwa. Kila mmoja anamwaga pipi zake kwenye kisahani, anazipanga, wanabadilishana. Kurwa hunipa salmiakki moja kila mara, na mimi huila yote. Halafu tunatazama na kucheka, nawaeleza nililolielewa, wananieleza nilichokosa. Baada ya hapo ni mswaki. Nilifikiria kuihamishia Ijumaa, kwa heshima ya siku yetu, lakini wakaniambia, mama, Jumamosi wote wanakula, na wao wanataka kula na wote. Nikaona wana haki. Ijumaa imebaki na pilau yake, na kuwapigia simu nyumbani.

Ulisema wanasubiri mno. Wanasubiri, ndiyo, na siku sita hizo wanaziongelea, wanapanga, wanabishana kwenye basi, Kurwa anachora pipi atakazochagua. Sisi pipi ya senti ilikuwa ikipatikana siku mjomba akiwa na fedha, na hatukujua siku hiyo ni lini. Wao wanaijua siku yao na inafika kila wiki bila kuwakosa. Nisingependa kuwapokonya hilo.

Sasa maombi yangu. Yule binti wa dada yako akija Helsinki mwezi ujao, mpe ubuyu, ule wa Zanzibar wenye pilipili manga na iliki, na kashata kama hazitavunjika. Nimeshawaambia watoto, na wameamua wenyewe kwamba vitaliwa Jumamosi, na mummo ataalikwa. Doto anataka kuona uso wake akionja pilipili.

Na wametunga komedi yao. Kurwa ni konda wa daladala ya Chumbageni, Doto ni mzee wa Kifini aliyepanda na hataki kukaa karibu na mtu, gari limejaa. Wanachanganya lugha mbili, na mimi ni abiria mwenye kuku. Wanataka uwe mtazamaji wa kwanza, na wanataka upige kura. Tupigie kwa video Jumamosi saa mbili usiku ya huko, huku itakuwa saa moja, tutakuwa tumetoka sauna. Mwite na mama akae karibu, sauti ya Doto ni ndogo mwanzoni.

Nisalimie wote, mmoja mmoja. Mwambie mjomba zile picha zimefika.

Ni mimi shoga yako,
Mama Kurwa