Dafu, koroma na nazi si kitu kimoja

Mhariri,

Makala yenu ya hivi karibuni kuhusu mnazi ilieleza vizuri faida za maji na mafuta yake, lakini ilinisikitisha kwa jambo moja: tangu mwanzo hadi mwisho, tunda la mti huo liliitwa "nazi", liwe changa au pevu, bichi au kavu. Huenda mwandishi aliyaona majina mengine kuwa mapambo ya lugha tu. Mimi naamini kwamba ujuzi wenyewe wa kuutumia mnazi umehifadhiwa ndani ya majina hayo.

Mnazi mpevu uliotunzwa vyema hutoa takriban kuti moja jipya na karara moja (ala lenye shina la maua) kila mwezi, na tunda huchukua karibu miezi 12 tangu likiwa upunga, yaani ua, mpaka kukomaa kabisa. Ndiyo maana mti mmoja hubeba matunda ya kila umri kwa wakati mmoja: vidaka na vitale, yaani matunda machanga kabisa, juu, madafu chini yake, kisha makoroma, na nazi chini kabisa. Mkwezi, kwa hiyo, hapandi kuchuma tu bali hupanda kuchagua. Dafu la miezi saba hivi lina maji matamu na nyama laini. Koroma limeanza kuwa gumu, ila mafuta yake ni machache na tui lake ni jepesi. Na anayetaka mbata, yaani nyama ya nazi iliyokauka, hana budi kuingojea nazi yenyewe.

Uteuzi huo hauishii kwenye chakula. Kumbi la nazi iliyokwisha kukauka hutoa nyuzi nene za kahawia zinazofaa brashi na mikeka ya mlangoni, ilhali kumbi la tunda linalokaribia kukomaa, likiwa bado la kijani, hutoa usumba (nyuzi za kumbi) mwembamba, mweupe zaidi na rahisi kusokotwa. Makumbi hayo hulowekwa majini au hufukiwa katika tope la ufukoni kwa miezi kadhaa, hadi vijidudu viile ile gundi inayoshikanisha nyuzi, ndipo yapondwe na kuoshwa. Kamba inayopatikana huvumilia maji ya chumvi kuliko kamba nyingi za mimea, na kwa sababu hiyo mabaharia wa Bahari ya Hindi waliitumia kwa karne nyingi kushona vyombo vyao, mtepe ukiwa mmojawapo, ambao mbao zake ziliunganishwa kwa kamba badala ya misumari. Nasisitiza hili kwa kuwa makala yenu iliyataja makumbi mara moja tu, tena kama kuni.

Kuhusu makuti, ningependa kuongeza tahadhari. Kila shada la nazi huchipuka kwenye kwapa la kuti lake, na kuti hilo ndilo linalolilisha na kulibeba. Anayekata makuti mabichi ovyo kwa ajili ya kuezekea hupunguza mavuno ya mwaka unaofuata. Vivyo hivyo mgema: shina la maua analoligema kabla halijafunguka kutoka kwenye karara halitazaa nazi, na ni haki yake kuchagua tembo, yaani pombe ya mnazi, mradi ajue anachokiacha. Vidato vya kukwelea vinavyochongwa kwenye shina ni kosa kubwa zaidi, kwani jeraha la mnazi halizibiki kama la miti yenye gome, na mti huishi nalo hadi mwisho wake.

Ombi langu ni dogo. Mtakapochapisha tena picha ya tunda la kijani lililotobolewa kwa ajili ya kunywewa, andikeni chini yake "dafu". Na mtakapoandaa makala nyingine juu ya mnazi, mhojini mkwezi mmoja na msokota kamba mmoja kabla ya kumhoji mfanyabiashara wa mafuta.

Wako mtiifu,
Msomaji